Siku Mama Alipoitwa Mama Riziki

Harufu ya muhogo uliolowekwa ndiyo iliyotutangulia kila tulipokwenda. Mama alikuwa akiuloweka kwenye pipa la plastiki nyuma ya nyumba yetu pale Kashojwa, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, siku tatu au nne, mpaka maji yawe meupe na mazito, kisha akauanika juu ya turubai na kuupindua kwa mkono hadi ukauke. Kwetu sisi watu wa Fizi, Kongo, hiyo ilikuwa harufu ya chakula, harufu ya mtu kurudi nyumbani akijua atashiba. Kwa watoto wa Kinyankore, wenyeji wa pale, tuliosoma nao, waliolelewa kwa maziwa na matoke, ilikuwa harufu ya kitu kilichooza, na walikuwa wakiziba pua tulipoingia darasani. Mimi nilikuwa na umri wa miaka minane na sikujali sana. Nami niliwacheka wao kwa harufu ya samli iliyowakaa kwenye nywele. Lakini dada yangu Sifa, ambaye alikuwa amefika miaka kumi na saba, alijali. Aliamka kabla yetu, akaoga kwa sabuni ya manukato aliyoificha chini ya nguo zake, na nguo hizo alikuwa akizianika mbali, kwenye ua wa jirani yetu Mrundi, Mama Goreti, ambaye hakuwa mtu wa kuloweka muhogo.

Tulikuwa watatu tu katika nyumba ile ya matofali mabichi: Mama, Sifa, na mimi Riziki. Baba tulimwacha kaburini Kivu Kusini, na watoto wawili waliozaliwa kati ya Sifa na mimi walikuwa wamezikwa hukohuko kabla yake. Mama alikuwa na jina lake mwenyewe, Nyasa, nililowahi kulisoma kwenye karatasi ya familia, lakini sikumbuki mtu yeyote akimwita hivyo. Kwa watu wetu, mwanamke akishapata mtoto wa kwanza, jina la usichana huwekwa kando kama nguo isiyomtosha tena. Kanisani, kwenye bomba la maji, katika foleni ya mgao wa mahindi, hata kwa wafanyabiashara wa kijiji jirani cha Misiera waliokuwa wakimpa vitenge akavitembeze vijijini, yeye alikuwa Mama Sifa. Watu walilitamka kwa haraka mpaka likawa neno moja, Masifa, na alipokuwa akipita na furushi lake kichwani ungesikia sauti zikimwita kutoka milango ya pande zote mbili za barabara. Alipenda sana jina hilo. Aliniambia siku moja, akinisuka nywele, kwamba kati ya vitu vyote alivyotoka navyo kwao, hicho pekee ndicho ambacho hakuna askari aliyemnyang'anya njiani.

Sifa alikuwa na sikio. Sijui nisemeje vinginevyo. Wanawake wa Kinyankore waliokuwa wakishuka kutoka vilimani kuja kuuza maziwa walimkuta kwenye bomba la maji, akiwauliza hiki kinaitwaje na kile kinaitwaje, akirudia maneno yao mpaka wakacheka, na baada ya miaka miwili hawakucheka tena. Walianza kumuuliza yeye ni wa ukoo gani. Mama alifurahi kwa hilo mwanzoni. Alikuwa akimtuma azungumze kwa niaba yetu kwenye kila ofisi na kila duka, akijivunia mtoto aliyewafungulia watu wazima midomo. Hatukujua kwamba lugha inaweza kuwa mlango, na kwamba mtu akipita mlangoni anaweza kuufunga nyuma yake.

Alipomaliza kidato cha nne alikwenda Mbarara, akapata kazi katika duka la vyombo. Mwenye duka, mama mmoja, alimpenda. Siku moja Sifa alitafuta leso kwenye mkoba na kadi yake ya ukimbizi ikadondoka sakafuni, mbele ya kaunta. Yule mama hakumtukana wala hakupandisha sauti. Aliiokota, akaisoma pande zote mbili, akamrudishia, na jioni akamwambia kwa upole kwamba asije tena, kwa sababu wateja wangeogopa. Sifa alitusimulia hayo mara moja tu, akiwa amesimama, na alikuwa akilikwepa jicho la Mama. Wiki iliyofuata aliondoka tena, safari hii akaenda mbele zaidi ya Mbarara, kwenye barabara ya Ibanda, kwenye mji wa Bwizibwera, ambako maziwa ya wafugaji hukusanywa kabla ya kupakiwa kwenye magari. Huko aliajiriwa kupima maziwa. Na huko aliitwa Ninsiima.

Tulilijua jina hilo katika likizo ya Desemba ambayo ndiyo ninayotaka kuisimulia. Mvua zilikuwa zinaelekea kuisha na maharage yalikuwa yamekomaa. Sifa hakuwa amekanyaga Kashojwa kwa zaidi ya mwaka. Alifika Jumapili alasiri, sisi tukiwa tumetoka kanisani, amevaa viatu vyeupe ambavyo alivipangusa kwa karatasi kabla ya kuingia. Aliketi kwenye kiti chetu kimoja na kukataa chakula. Mama alikaa chini kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, akaanza kuchambua maharage kwenye ungo kana kwamba hakuona chochote.

"Mama, kuko bwana moja anataka kunioa," Sifa alisema.

"Ni mutu wa wapi?"

"Ni wa hapa. Ni Munyankore. Mama yake ndiye mwenye ile fasi ninatumika kazi ya maziwa."

"Mungu asifiwe," Mama alisema, lakini mikono yake haikuacha kuchambua. "Na balikuuliza kwenu ni wapi?"

"Baliniuliza."

"Ukajibu nini?"

Sifa aliangalia viatu vyake. Nje, watoto wa Mama Goreti walikuwa wakicheza mpira wa matambara na kelele zao zilijaa chumbani. "Nilisema nilizaliwa Isingiro. Nilisema bazazi bangu balikufa."

Mama alitoa jiwe dogo kwenye maharage, akaliweka kando. "Baba yako alikufa. Ile ni kweli. Lakini mimi niko hapa."

Hapo ndipo Sifa alipoanza kulia, na akaeleza yote kwa haraka, kwamba wanamjua kwa jina la Ninsiima, kwamba familia moja ya Mbarara aliyokuwa akisali nayo imekubali kusimama mahali pa wazazi siku ya kumtoa bibi harusi, ile sherehe ambayo Wanyankore huiita kuhingira, na kwamba kila kitu kimekwishapangwa. Alisema hakubadilisha jina kwa kiburi. "Ni ile ile, Mama. Ninsiima ni kusema asante kwa Mungu. Na Sifa nayo ni ya Mungu."

"Kama ni kitu moja," Mama alimuuliza, "uliibadirisha ya nini?"

Nakumbuka nilikasirika, si kwa ajili ya Mama, bali kwa sababu Sifa alikuwa ametuletea mkate na mazungumzo yale yalichelewesha kuukata. Mtoto wa miaka kumi ana moyo wake mdogo. Mama alimaliza kuchambua ungo mzima. Kisha akasema jambo ambalo sijalisahau mpaka leo. Alisema haendi kumharibia mtu ndoa, ila anataka kuona kwa macho yake mahali mtoto wake anakokwenda kukaa. Je, wanawake wa pale hawatahitaji vitenge vya sherehe? Basi yeye ni muuza vitenge. Atakuja kama muuza vitenge.

"Mama, usikuje," Sifa alisema.

"Nitakuja. Sitasema kitu."

Tulikwenda Alhamisi. Mama alichukua vitenge bora kuliko vyote alivyoweza kupata Misiera, na njia nzima aliliweka furushi mapajani kana kwamba amempakata mtoto. Tulibadilisha gari Mbarara, na kabla ya kupanda la pili alinishika bega, akainama mpaka uso wake ukawa sawa na wangu. "Kule tunaenda, Sifa hatumujue. Umesikia? Ukimwita yaya, umemuua." Yaya kwetu ni dada mkubwa. Niliahidi. Bwizibwera ilikuwa na jua kali na vumbi, na mbele ya nyumba ya kukusanyia maziwa wanaume walikuwa wameegemeza baiskeli zenye makopo ya chuma pande zote mbili. Sifa alikuwa amesimama mlangoni, amevaa koti jeupe, akitumbukiza kipimo katika kila kopo kujua kama mtu ameongeza maji. Aliongea nao, akawatania, wakamjibu, na nilishangaa jinsi alivyokuwa mzuri. Hata mwili wake ulisimama tofauti. Alituona. Macho yake yalitupita kama yanavyopita watu wa barabarani, na akarudi kwenye kipimo chake.

Nyumba ya familia ilikuwa nyuma ya hapo, yenye ua uliofagiliwa na migomba iliyopandwa kwa mistari. Mwenye nyumba, mama yake mchumba wa Sifa, alikuwa mzee mrefu, mwembamba, ambaye kila mtu alimwita Kaaka, yaani bibi. Alitukaribisha kivulini, ukumbini, pamoja na wanawake wengine wanne wa ukoo waliokuja kuchagua sare. Kiswahili chake kilikuwa kile cha sokoni.

"Karibu, mama. Wewe natoka wapi?"

"Natoka Nakivale."

"Eeh, watu ya Kongo. Vitenge yenu iko muzuri sana. Kaa hapa, usiogope. Unaitwa nani?"

Mama alikuwa ameshaanza kufungua furushi. Mikono yake ilisimama juu ya fundo. Sifa alikuwa ameingia muda huohuo, ameitwa aje kuona vitambaa, na alikuwa amesimama nyuma ya Kaaka, mikono ameifumbata mbele ya koti lake. Nilimwona Mama akilitafuta jina kama mtu anayepapasa gizani, na nilijua ni lipi lililokuwa likimjia mdomoni, kwa kuwa lilikuwa moja tu.

"Baniitaka Mama Riziki," alisema.

Ninaona aibu kuandika kwamba nilifurahi. Kwa pumzi moja au mbili nilifurahi kweli. Maisha yangu yote nilikuwa mtoto wa Mama Sifa, na sasa ghafla, mbele ya watu wazima, jina langu lilikuwa limetajwa badala ya lile. Kisha nikamtazama dada yangu. Sijawahi tena kuona uso wa mtu ukiwa vile. Hakulia, hakukunja uso. Ulikuwa tu umekwisha, kama taa iliyozimwa ndani ya nyumba yenye watu.

Walichagua kitambaa cha rangi ya samawati chenye maua ya njano. Kaaka akasema lazima kionekane mwilini kwanza, akamwita Ninsiima asogee. Mama akakikunjua na kumtandia dada yangu mabegani. "Binti, geuka kidogo," alimwambia, kwa ile sauti ya adabu ambayo muuzaji huwa nayo kwa mteja, na Sifa akageuka. Mama alilainisha kitambaa mgongoni, akakivuta kiunoni, akatoa uzi uliokuwa umelegea kwenye mshono wa koti. Ilichukua muda. Mmoja wa wanawake alisema kitu na wengine wakacheka, labda kwamba mama huyu Mkongo ni makini sana na kazi yake. Mwanamume aliyekuwa anamuoa, Tumwine, alipita uani na ndoo mkononi, akaingia ghalani bila kutusalimu. Hakuwa na ubaya. Tulikuwa wauzaji tu.

Kaaka peke yake hakucheka. Alikuwa akimtazama Mama, kisha Sifa, kisha Mama, na mwishowe akamwambia Sifa alete maziwa ya wageni. Sifa alileta vikombe viwili. Alipotaka kuviweka kwenye meza, yule mzee akamkataza, akasema kwa Kiswahili ili sote tusikie: "Hapana. Piga magoti. Huyu ni mukubwa, mpe na heshima." Na dada yangu akapiga magoti kwenye saruji mbele ya mama yake, akamnyooshea kikombe kwa mikono miwili, kichwa ameinamisha, kama wafanyavyo mabinti wa Kinyankore. Mama alikipokea. Vidole vyao vilikaa pamoja juu ya kikombe kile kwa muda. "Asante, mutoto wangu," Mama alisema, na hakuna aliyeshangaa, kwa sababu kila mama mtu mzima humwita hivyo kila msichana.

Hakulia njiani, wala hakulia nyumbani. Majirani walipomuuliza, "Masifa, mulikuwa wapi?" aliwajibu kwamba alikwenda kuuza. Mwezi uliofuata, siku ile ambayo tulijua kwamba kule Mbarara wanamtoa Sifa kwa watu wa mumewe, Mama aliamka, akaoga, akajipaka mafuta, akavaa kipande cha kitambaa kilekile cha samawati alichokuwa amejibakizia. Akatoka amependeza hivyo, akachukua jembe, akaenda kulima shamba letu dogo. Mama Goreti alimwona kutoka upande wake wa mpaka, akasimama na kushika kiuno. "Jirani, mbona unalima na kitenge kipya?" Mama akamjibu kwamba leo ni sikukuu. Mama Goreti alitaka kuuliza sikukuu ya mtakatifu gani, lakini aliona uso wake, akachukua jembe lake na kuja kulima mstari wa pembeni, na walilima pamoja mpaka adhuhuri. Nilikuwa nyuma yao nikikusanya magugu. Upindo wa kitenge ulikuwa umeshika tope, na Mama hakujaribu hata mara moja kuupandisha.

Baada ya hapo Sifa alikuwa akija kwa siri mara moja au mbili kwa mwaka, na sukari na sabuni, akiwa amewaambia wakwe zake kwamba amekwenda Mbarara kununua vitu. Alizaa binti, kisha mwana. Mama aliwaona kwenye picha ya simu. Aliigusa skrini ile kwa kidole, picha ikaruka, akaogopa amewafuta. Alikuwa akiniuliza baadaye kama msichana yule ana masikio ya baba yetu, nami nilikuwa nikimjibu ndiyo, ingawa sikukumbuka masikio ya Baba. Alipougua kifua nilikuwa nimekwisha kuwa mtu mzima. Ulikuwa ugonjwa wa siku chache. Alifia kwenye kituo cha afya, asubuhi, akinituma nikaangalie muhogo usinyeshewe na mvua.

Kilichotokea Bwizibwera nilipompigia Sifa simu nilikuja kukisikia kwa mumewe. Alisema mke wake alidondosha simu kwenye kopo la maziwa, akaanguka chini mbele ya wafugaji wote, akawa anapiga kelele kwa lugha ambayo hajawahi kumsikia akiisema, akiita Mama, Mama. Tumwine alidhani amerukwa na akili. Akakimbilia kwa Kaaka. Kaaka alikuwa ameshavaa shuka lake. "Washa gari," alimwambia. "Mama yake amekufa." Tumwine akasema lakini mama yake si alikufa zamani, kabla hajamjua? Yule mzee akamtazama mwanawe kwa huruma, akamwambia awashe gari.

Walifika Kashojwa tukiwa hatujazika. Dada yangu aliingia kwa magoti kutoka mlangoni mpaka kwenye mwili, na wanawake wa kanisa, ambao wengi wao hawakuwa wamemwona kwa miaka kumi, walimpokea kwa jina lake la kwanza, Sifa, Sifa, mama yako huyu hapa. Tumwine alisimama nje, kofia mkononi, hajui aende kwa nani. Aliponiona aliniuliza kama ni kweli kwamba marehemu ndiye yule aliyeleta vitenge mwaka ule. Nilipomwambia ndiyo, akasema, "Nilipita. Sikumsalimu." Alirudia hivyo mara kadhaa siku hiyo. Hakumfukuza mke wake na hakumtukana, ingawa najua kwamba kwa miezi mingi nyumba yao ilikuwa nyumba ya watu wanaoombana chumvi na kuishia hapo.

Kaaka alikaa nami matanga yote. Kufikia wakati huo nilikijua Kinyankore vizuri, na alizungumza nami polepole kwa lugha hiyo, akiwa ameketi kwenye mkeka kati ya wanawake wa Kibembe, watu wa kabila letu, kana kwamba amezoea. Aliniambia alimjua Mama tangu siku ile, tangu alipomwona akitoa uzi kwenye koti. Hakuna muuzaji anayemgusa mteja hivyo. Nikamuuliza, kwa hasira ambayo sikuificha, mbona hakusema? Wangekuwa ndugu kwa miaka yote hiyo. Mama angewashika wajukuu wake.

Alinyoosha kidole kuelekea kilima kilicho ng'ambo ya ziwa la Nakivale. "Kile pale," alisema, "ndipo nilipochungia ndama nikiwa mdogo kuliko wewe ulivyokuwa siku ile." Alikuwa amevuka kutoka Rwanda na wazazi wake, katika kundi lile la kwanza kabisa, nyakati ambazo Nakivale ilikuwa nyasi na viboko tu. Walikuja na ng'ombe wao, wakapewa malisho, lugha yao ilikuwa jirani na ya wenyeji, na baada ya miaka michache hapakuwa na aliyewauliza kitu. Akaolewa. Akasahau. "Mimi nilisahau kwamba ni mgeni," aliniambia. "Wao hawakusahau." Ukaja mwaka ambao watu walianza kuhesabu nani ametoka wapi, na majirani waliokunywa maziwa kwake wakaja kubomoa nyumba za kaka zake, wakawafukuza hadi mpakani. Yeye alipona kwa kuwa mume wake aliwaambia kwamba mke wake ni mtu wa Ntungamo, Mnyankore kama wao. Tangu hapo akawa mtu wa Ntungamo. Hata Tumwine alizaliwa na mtu wa Ntungamo. "Uongo huo ndio ulionipa nyumba. Ningemkataza vipi dada yako? Na ningesema yake, ningekuwa nimesema na yangu." Akalivuta shuka lake magotini. "Nilichoweza ni kumpigisha magoti. Nilitaka angalau mama yako aheshimiwe na mtoto wake, mara moja." Nilitaka kuendelea kumkasirikia, lakini alikuwa analia.

Siku hizi mimi ni mkalimani katika zahanati moja ya Nakivale, na mwisho wa juma nalala Mbarara, kwenye chumba nilichopanga. Wageni wapya hawajaacha kuja. Nawaona wakishuka kwenye magari na masufuria na watoto, wengi kutoka vijiji ambavyo Mama alikuwa akivitaja. Watu wa wakati wa Kaaka walipewa kilima. Sisi tulipewa shamba la kupanda maharage na muhogo. Hawa wa leo wanangoja kwa muda mrefu wapewe mahali pa kusimamisha turubai, na wafugaji wa pembeni nao wananung'unika kwamba ardhi imekwisha, na sioni kwamba wanadanganya. Kuna mambo yaliyo afadhali. Watoto wa sasa wana simu, Jumapili wanaongea na bibi zao waliobaki Fizi, na lugha ya nyumbani haiwafii mdomoni upesi kama ilivyotufia. Wapo vijana waliozaliwa hapa, wanaoandika shuleni kwamba ni Wakongo bila kuficha, na wanaocheza ngoma za Kinyankore kuliko Wanyankore. Lakini hata wao, wakifika umri wa kutafuta kazi, wanaanza kunijia mmoja mmoja. Wanataka kujua kama nadhani ni vibaya kutosema. Miaka ya nyuma ningewahubiria. Sasa nawauliza tu kama mama zao wanajua.

Swali la mtu anakaa miaka mingapi kabla hajaacha kuwa mgeni, nimelisikia likijadiliwa redioni na watu wenye elimu kuliko mimi. Wanasema wageni wajichanganye. Nakubali. Ila sijasikia mtu akiuliza ni nani anayelipia kuchanganyika huko. Kwetu alilipia mtu mmoja, kwa hiari yake, akiwa na furushi la vitenge mapajani, na hakudai hata asante. Kaaka naye amekufa. Amezikwa Bwizibwera kama mtu wa Ntungamo, kwa sababu wanawe, aliowaambia ukweli mwishoni, hawakuwa na ujasiri wa kutangaza vinginevyo mbele ya waombolezaji, na mimi, niliyejua, nilikaa kimya pamoja nao.

Mwezi uliopita Sifa alikuja chumbani kwangu Mbarara na binti yake, ambaye sasa yuko sekondari. Msichana alitoka kwenda kununua soda, tukabaki wawili. Dada yangu aliniuliza ule wimbo wa Kibembe ambao Mama alikuwa akiuimba akitwanga unaanzaje. Alikuwa anajaribu kuukumbuka tangu wiki iliyotangulia na hakulala vizuri. Nikasema ni rahisi, nikafungua mdomo, na sikupata neno la kwanza. Nilipata mdundo wa mchi. Nilipata mahali ambapo sauti inapanda. Tuliujaribu pamoja, kila mmoja akimsahihisha mwenzake, tukapata maneno matatu, halafu tukaanza kubishana kama moja kati ya hayo si la Kiswahili, tukalaumiana, yeye akisema mimi niliyebaki ndiye niliyepaswa kuutunza, mimi nikisema yeye ni mkubwa na aliusikia miaka mingi kabla yangu. Tulipandisha sauti, tukalia, tukashikana mikono. Binti yake aliporudi na chupa zake alisimama mlangoni akatuuliza ni wimbo gani huo unaotugombanisha. Hapo ndipo nilipogundua kwamba msichana yule, asiyejua Kibembe, alikuwa ameelewa kila tulichosema, kwa sababu tangu mwanzo wa ugomvi ule, yaya yangu na mimi, tulikuwa tukigombana kwa Kinyankore.